Mwalimu wa imla anapoanza kuruka herufi baada ya kiharusi

Swali la msomaji, Morogoro:

"Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 66, ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, amefundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini. Miezi saba iliyopita alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea kama wiki tatu, kisha nguvu zikarudi. Sasa anaongea vizuri, ingawa mara mojamoja anatafuta neno. Anasoma gazeti na anabishana siasa kama zamani. Shida ni kuandika. Ujumbe anaotuma kwenye kundi la familia umejaa makosa: 'nymubani', 'tutawailiana', 'mkuntao wa ukoo'. Maneno mafupi anapatia. Kwenye daftari ni vilevile, kwa hiyo si simu. Baba mdogo anasema akili ya kaka yake imeanza kupotea na shamba liandikwe jina la mtu mwingine mapema. Mama anaona ni kukosa mazoezi, kila jioni anamkalisha mezani na kumsomea imla kama mtoto wa darasa la pili. Juzi baba alilia. Nini kimeharibika? Kitarudi? Na akili yake ipo?"

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguza, na baba mpe pole zangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linaloitesa nyumba yenu. Kwa haya uliyoniandikia, sioni dalili kwamba akili ya baba inapotea. Mtu anayesoma gazeti akalielewa, anayebishana siasa akakumbuka nani alisema nini, na anayetambua mwenyewe kwamba neno aliloandika limeharibika mpaka machozi yakamtoka, huyo akili yake inafanya kazi. Kilichoumia ni kitu kidogo zaidi, na kina mahali pake. Kupanga herufi za neno ni kazi ambayo ubongo unaifanya kwa mitambo yake maalumu. Kazi hiyo inaweza kuvunjika huku kusema, kusoma na kufikiri kukibaki. Wataalamu huita hali hiyo agrafia, au disgrafia pale ambapo uwezo umepungua bila kwisha.

Maneno matatu uliyoyanakili yamenisaidia kuliko maelezo mengine yote, kwa hiyo tuyatazame. Katika "mkuntao" herufi zote saba za mkutano zimo, ila n imewahi zamu yake. Katika "nymubani" u na m zimepishana. Katika "tutawailiana" s imedondoka. Mwanzo wa kila neno ni sahihi, mwisho ni sahihi, makosa yote yako tumboni. Linganisha na mtoto wa darasa la pili: yeye huandika anavyosikia. Ataacha h ya kuhudhuria, ataweka z palipo na dh, kwa sababu tahajia hajaijua. Makosa ya baba ni ya mtu anayeijua tahajia nzima, lakini anapoibeba kuipeleka kwenye karatasi inamwagika njiani.

Neno linapotaka kuandikwa, ubongo una njia mbili za kupata herufi zake. Njia ya kwanza ni ya sauti: neno linakatwa silabi kwa silabi, na kila sauti inapewa herufi. Njia ya pili ni ya kumbukumbu: tahajia ya neno zima inatolewa ghalani ikiwa tayari. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja, ambapo herufi zinapangwa kwa mfuatano na kushikiliwa kwa sekunde chache wakati mkono unaziandika moja baada ya nyingine. Wagonjwa wangu nawaambia hapo pana sinia. Kalamu inapokuwa kwenye t ya kwanza ya tutawasiliana, herufi kumi na mbili nyingine zinangoja siniani. Sinia likitikisika, za pembeni hushikwa na ukingo. Za katikati ndizo zinazoteleza, kupishana au kuanguka. Neno fupi kama leo au maji halina katikati ya kutosha kumwagika. Nadhani sinia la baba ndilo lililotikiswa.

Hili si wazo langu. Mwaka 1987 Alfonso Caramazza na wenzake walieleza habari za mgonjwa mmoja wa Italia, anayejulikana katika maandishi yao kama LB. Neno lilivyozidi kuwa refu, ndivyo alivyozidi kukosea, hasa katikati. Alikosea maneno halisi, na alikosea pia maneno ya kubuni yasiyo na maana. Kulikuwa na jambo jingine la ajabu: alipobadilisha irabu, aliweka irabu nyingine, alipobadilisha konsonanti, aliweka konsonanti nyingine. Maana yake ni kwamba sinia linajua zaidi ya orodha ya herufi. Linajua kwamba hapa pana kiti cha irabu na pale pana kiti cha konsonanti, hata pale lisipokumbuka nani anakaa.

Mwaka 1991 Roberto Cubelli, naye wa Italia, alichapisha katika jarida la Nature habari za mgonjwa aitwaye CF. Baada ya kiharusi CF aliandika konsonanti tu, na kila mahali pa irabu akaacha nafasi tupu. Jina la mji wa Bologna liliandikwa B, pengo, l, pengo, gn, pengo. Sijawahi kuyazoea mapengo yale. Mtu huyo alijua irabu ipo, alijua inakaa wapi, aliitengea nafasi yake kwa heshima, lakini hakuweza kuileta. Fikiria mzungumzaji wa Kiswahili apatwe na hilo, sisi ambao karibu kila silabi yetu hufungwa na irabu. Bagamoyo ingebaki B, g, m, y na mapengo manne.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili, na natamani kila daktari anayehudumia wagonjwa wa kiharusi huku kwetu alifahamu. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu. Ukisikia neno, kwa kawaida unaweza kuliandika hata kama hujawahi kuliona. Kwa hiyo mgonjwa ambaye ghala lake la tahajia limeungua anaweza kuandika ukurasa mzima wa Kiswahili bila kosa, kwa njia ya sauti peke yake, akaruhusiwa hospitalini akiambiwa ni mzima. Jeraha lake litaonekana siku atakayoandika Kiingereza, ambako knife ina k isiyotamkwa na yacht haifanani na sauti yake. Hata bila Kiingereza, mwambie aandike majina ya watu wa mtaani kwetu: Geoffrey, Joyce, Christopher. Akiandika Jefri, Joisi na Kristofa, naye zamani alikuwa akiyaandika inavyotakiwa, ghala limeguswa.

Hata ndani ya Kiswahili kuna sehemu ambazo ghala hufanya kazi kimyakimya. Wengi wetu tunatamka zahabu, samani na gali, lakini tunaandika dhahabu, thamani na ghali kwa sababu tumeyakariri hivyo. Mtu anayetamka r na l bila kuzitenganisha anaziandika sawa kwa kumbukumbu. Mwalimu wa Kiswahili akianza kuandika samani akimaanisha thamani, mimi naacha kila kitu na kumsikiliza, kwa kuwa hilo ni jeraha tofauti kabisa na la "mkuntao". Linaweza kutoka kwenye kiharusi, lakini pia ni moja ya dalili za ugonjwa fulani wa ubongo unaokula maana za maneno polepole. Katika maneno ya baba uliyonitumia sikuona hata moja la aina hiyo.

Kinyume chake pia kipo. Njia ya sauti ikikatika na ghala likabaki, mgonjwa anaandika vizuri maneno aliyoyazoea, lakini umtajie jina la mgeni au umbunie neno kama "temabu", anakwama. Tim Shallice alieleza mgonjwa wa namna hiyo mwaka 1981. Mwaka huohuo Marie-France Beauvois na Jacqueline Dérouesné wa Ufaransa wakaeleza mgonjwa wa upande wa pili, aliyeandika kwa sauti tu. Njia zote mbili zikiumia kwa pamoja hutokea jambo linalotisha familia: unamwambia andika ziwa, anaandika mto. Watu wanadhani amechanganyikiwa. Kumbe maana imefika salama, tahajia ndiyo imepotea njia, na mkono umechukua jirani.

Uliuliza nini kimeharibika, na bado sijakuonyesha mahali. Hapa naomba nikusimulie habari ya mtu mmoja wa Paris, kwa sababu ndani yake kuna onyo kwa baba yako.

Mwaka 1887 mfanyabiashara mmoja mstaafu aligundua ghafla kwamba hawezi kusoma hata neno moja. Alidhani anahitaji miwani, akaenda kwa daktari wa macho, Edmund Landolt. Macho yalikuwa yanaona vitu vizuri. Landolt akampeleka kwa Jules Dejerine, daktari wa ubongo. Mzee yule aliweza kuandika barua nzima, kwa imla au kwa mawazo yake, lakini barua hiyo hiyo ukimrudishia hawezi kuisoma. Aliishi hivyo zaidi ya miaka minne, akiendelea na mambo yake, akizitambua herufi pale anapozifuata kwa kidole. Januari 1892 akapata kiharusi cha pili, na sasa uwezo wa kuandika nao ukaondoka. Baada ya siku chache akafariki. Dejerine alipoufungua ubongo alikuta majeraha mawili. La zamani lilikuwa nyuma kabisa upande wa kushoto, pamoja na nyuzi zinazounganisha nusu mbili za ubongo: hilo ndilo lililofunga kusoma. Jipya lilikuwa mbele yake kidogo, eneo lililoko juu na nyuma ya sikio la kushoto. Mwaka mmoja kabla, 1891, Dejerine alikuwa ameeleza mgonjwa mwingine aliyepoteza kusoma na kuandika kwa pamoja, na jeraha lake lilikuwa palepale.

Eneo hilo ndilo ambalo Josef Gerstmann wa Vienna alilihusisha, kuanzia mwaka 1924, na mkusanyiko wa ajabu wa dalili: kuandika kuharibika, hesabu kuharibika, mtu kutotambua vidole vyake mwenyewe, na kuchanganya kulia na kushoto. Umfuatilie baba kwa utulivu katika hayo. Anahesabu chenji vizuri? Ukimwambia inua kidole cha pete cha kushoto, anainua hicho? Yakiharibika yote manne, daktari atakuwa amepata kipande kikubwa cha ramani.

Kuna kituo kingine mbele, juu ya sehemu ya usemi, ambacho Sigmund Exner alikitaja mwaka 1881. Watu walibishana kuhusu eneo hilo zaidi ya karne moja. Mwaka 2009 madaktari wa upasuaji wa Toulouse waliwagusa wagonjwa waliokuwa macho kwa umeme mdogo mahali hapo, na kuandika kukavurugika ilhali kusema kunaendelea na mkono hauna kasoro. Na mwaka 2016 Brenda Rapp na wenzake walichapisha utafiti wa watu 33 waliopoteza tahajia baada ya kiharusi. Waliokuwa na majeraha ya ghala la tahajia walikuwa wameumia chini ya ubongo kuelekea nyuma, na mbele, upande wa kushoto. Waliokuwa na sinia lililotikisika walikuwa wameumia sehemu ya juu nyuma, kushoto vilevile.

Kwa baba, udhaifu wa mkono wa kulia unasema nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo iliyoumia, maana nusu hiyo ndiyo inayoongoza upande wa kulia wa mwili. Kutafuta maneno kunasema hivyohivyo. Mshipa mkubwa wa kati upande huo unalisha sehemu ya mkono, sehemu za lugha na ile sehemu ya juu nyuma kwa pamoja, na tawi moja likiziba linaweza kuacha alama ndogo kwenye yote matatu. Kama alipigwa picha ya CT, tafuteni ile filamu au sidii na mwende nayo kwa daktari. Mimi ningeitazama kwanza hapo.

Nitoke kidogo nje ya swali lako, kwa ajili ya wasomaji wa pwani na visiwani wenye wazee walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kiharusi cha nusu ya kulia ya ubongo huharibu maandishi kwa namna nyingine: mgonjwa anapuuza upande wa kushoto wa karatasi. Akiandika kwa herufi za kizungu, mstari unaanzia katikati ya ukurasa na unapanda juu, na m inapata miguu minne. Akiandika kwa herufi za Kiarabu, ambazo huanza kulia, mwanzo utakuwa safi, na kasoro iko kule mwisho wa mstari ambako hafiki. Ukimpima mzee huyo kwa hati moja tu unaweza kusoma vibaya ugonjwa wake. Mpe zote mbili alizojifunza.

Nirudi kwa baba. Kabla ya kuonana na mtaalamu, fanyeni majaribio machache nyumbani, asubuhi baada ya chai, siku ambayo hakuchoka. Mwombeni aandike maneno ishirini hivi, yaliyochanganyika mafupi na marefu: maji, kuku, samaki, barabara, mkutano, kusahihisha, wanafunzi, tutakapowasili. Siku nyingine mwombeni ayataje herufi kwa herufi kwa mdomo, bila kalamu. Kama ni sinia, makosa yaleyale yatatokea mdomoni, kwenye simu na kwenye karatasi, kwani njia zote hizo huchota mahali pamoja. Kama mdomoni anapatia na mkononi anakosea, basi shida iko mbele zaidi, kwenye kuigeuza herufi kuwa mwendo wa mkono. Kisha mbunieni maneno yasiyokuwepo, kama pokila, zulomi, sobekita. Wekeni tarehe kwenye kila karatasi, na msifute wala kusahihisha juu yake. Karatasi chafu yenye makosa ni dhahabu kwa mtaalamu. Ile iliyosahihishwa kwa wino mwekundu haimwambii kitu.

Na hapa nije kwa mama. Naomba umweleze kwa upole, maana naye anapambana kwa namna aijuayo, na anafanya kwa mapenzi. Imla ya kila jioni inapima uwezo uliovunjika bila kuujenga. Kila neno refu analosomewa linamwagika, kila kumwagika kunahesabiwa, na mwalimu aliyewasahihishia watoto wa watu miaka thelathini anapewa alama sufuri na mkewe. Jioni nayo ndiyo saa mbaya kuliko zote, maana ubongo uliojeruhiwa huchoka mapema. Mama aache imla. Nafasi yake iwe na mambo mawili.

La kwanza ni kulipunguzia sinia mzigo. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi, kwa sababu maneno yetu marefu yamejengwa kwa vipande, na baba anavijua kwa majina. Tutawasiliana asilibebe lote. Aandike tuta, atulie, wasili, atulie, ana. Kila kipande kinatosha sinia dogo. Akiandika huku anakitamka kwa sauti, njia ya sauti inamshika mkono. Nyumbani iwe nyu, mba, ni. Aliwafundisha watoto kusoma kwa silabi, sasa silabi zimfanyie kazi yeye. Akimaliza neno, alisome kwa kidole, silabi kwa silabi, kile kilichopo na si kile alichokusudia. Mwambieni pia atazame upande wa kulia wa neno hadi mwisho, kwani kiharusi cha kushoto wakati mwingine hupunguza uwanja wa kuona upande wa kulia, na mtu hajui.

La pili ni kunakili na kukumbuka, njia ambayo Pélagie Beeson wa Chuo Kikuu cha Arizona aliieleza mwaka 1999 na ambayo imetumika na wagonjwa wengi tangu hapo. Unachagua maneno machache, matano kwa mfano. Baba anayatazama, anayanakili mara kadhaa, kisha unafunika na anaandika kwa kumbukumbu. Akikosea, hakuna kusutana: anafunuliwa, ananakili tena, anafunikiwa tena. Kila siku, hata nusu saa. Akishapata hayo matano, yanakuja mengine. Maneno ayachague yeye mwenyewe. Majina ya wajukuu. Jina la dawa yake ya presha. Kata anayoishi. Jina la timu yake. Nimeona watu wakijitahidi kwa jina la mjukuu kwa namna ambayo hawakujitahidi kwa neno lolote la kitabuni.

Kwa baba yako nina tumaini la ziada, na sababu yake ninayo. Mwaka 2002 Brenda Rapp na Ashlee Kane walilinganisha wagonjwa wawili waliofundishwa tahajia kwa namna inayofanana. Yule ambaye ghala lake liliumia alinufaika kwenye maneno aliyofundishwa tu. Yule ambaye sinia lake liliumia aliboreka hata kwenye maneno ambayo hakufundishwa. Kama baba ni wa kundi hili la pili, kila neno analofanyia kazi linaweza kuimarisha yote.

Uliuliza kama uwezo utarudi. Kasi kubwa ya kupona huwa katika miezi ya mwanzo, na miezi saba imepita, sitakuficha. Lakini mlango haujafungwa. Wagonjwa walionufaika na mafunzo ya tahajia katika tafiti hizi, wengi walianza mwaka mmoja au miaka kadhaa baada ya kiharusi. Ninachotarajia kwa baba ni maneno ya kila siku kurudi karibu yote, na maneno marefu kubaki yanahitaji umakini na kusomwa mara ya pili. Ataandika taratibu kuliko zamani. Ujumbe wa sauti autumie bila aibu siku akichoka, na mapendekezo ya maneno kwenye simu yawashwe, ila kalamu asiiweke chini moja kwa moja.

Mwende hospitali ya rufaa mkaombe mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Ni wachache sana, na mahali pengine hayupo. Ikiwa hivyo, ulizia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye mara nyingi yuko jirani na chumba cha mazoezi ya viungo, umpe karatasi zenu zenye tarehe. Na daktari amwangalie baba kuhusu sonona pia. Machozi ya mtu wa kiharusi si lazima yawe ya tahajia tu, na sonona baada ya kiharusi ina matibabu.

Sasa shamba. Mwambie baba mdogo, kwa adabu zote anazostahili, kwamba herufi zilizopishana si ushahidi wa akili iliyopotea. Kama kweli kuna hati ya kutiwa saini, wakili aisome kwa sauti, taratibu, kisha baba aieleze kwa maneno yake mwenyewe: ni shamba lipi, linakwenda kwa nani, na yeye anabaki na nini. Akieleza hivyo, ameelewa, hata kama hawezi kuandika mkutano. Mkiwa na wasiwasi, ombeni daktari ampime na kuandika ripoti kabla ya hati yoyote. Saini ya watu wengi huwa imekaa mkononi kama mwendo mmoja na hubaki salama pale tahajia inapoharibika. Ikiwa ya baba imebadilika, nendeni naye benki mapema wachukue sampuli mpya. Kumharakisha mtu aamue mali yake kwa sababu ya makosa ya ujumbe wa simu ni dhuluma, hata ikifanywa na ndugu mwenye nia njema.

Nitabadilisha maoni yangu yakitokea mambo haya: makosa yakizidi mwezi hadi mwezi badala ya kupungua, au akianza kuuliza maana ya maneno ya kawaida, au akipotea njia anayoijua. Hapo arudishwe kwa daktari wa ubongo. Na yakizidi ghafla, kwa dakika au saa, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikorogeka, msingoje kesho wala maombi yaishe. Dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hospitali inahitaji muda wa kumpiga picha kwanza.

Yule mzee wa Paris aliishi na jeraha la kwanza zaidi ya miaka minne akiandika barua zake. Cha pili ndicho kilichochukua kalamu, kisha uhai. Kwa hiyo kabla ya silabi, kabla ya daftari, presha ya baba ipimwe na kuandikwa, dawa ameze kila siku hata akijisikia mzima, chumvi ipungue, na kama anavuta sigara aache. Hiyo kazi mpe mama, na umwambie ni kubwa kuliko imla.

Kwenye kundi la familia, mjibuni baba alichokisema. Akiandika kuna "mkuntao" Jumamosi, mwambieni mtakuja. Baada ya wiki sita niandikie tena, uambatanishe karatasi ya kwanza na ya mwisho, zote mbili zikiwa na makosa yake.